Nilisema Hakuna

Jumatatu, 6 Machi 1995

Sista Pascalia amenipa daftari hili niandike majina ya wanaoazima vitabu. Juma zima wameingia watu wawili, na mmoja alikuwa akiutafuta mwavuli wake. Kwa hivyo nimeligeuza. Mbele ni la maktaba, nyuma ni langu.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya maabara, katika hospitali ndogo ya misheni huku Changamwe. Nilimaliza Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, na Baba hakutaka nikae nyumbani Jomvu Kuu nikingoja matokeo mikono mitupu. Sista Pascalia alikuwa muuguzi miaka thelathini. Magoti yalipomshinda akapewa maktaba, lakini watu bado humwita Sista. Funguo zote amezivaa shingoni. Leo nimesema naye maneno mawili, shikamoo na ndiyo.

Ijumaa, 10 Machi

Kompyuta imefika. Ni zawadi kutoka ng'ambo, na Bwana Kefa ametoka nayo Nairobi kuja kutufundisha. Siku mbili tu, kisha akakimbilia treni.

Unatia sahani moja nyembamba inayong'aa kama kioo, na ndani yake mna habari za makala elfu kwa elfu za matabibu wa dunia nzima. Unaandika neno, kompyuta inakuhesabia makala ngapi zinalo. Ukiunganisha maneno mawili kwa "na", orodha inapungua. Ukiunganisha kwa "au", inaongezeka. Makala yenyewe haimo, mna jina lake, walioiandika, na muhtasari wa mistari michache. Ukiitaka yote unamwandikia mwandishi kadi, naye akipenda anakutumia nakala kwa posta.

Bwana Kefa alitumia sahani moja. Zilikuwapo nyingine tano ndani ya sanduku. Nilitaka kuuliza za nini. Sikuuliza. Sista akasema hizo ni akiba, hii moja ikikwaruzika tutatia nyingine, akazifungia kabatini.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemweleza Mwanatatu kuhusu kompyuta. Alicheka kwa namna nilivyosimulia kwa mikono.

Mwanatatu ni dadangu wa pekee. Mama alifariki nikiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo aliyenisuka nywele, aliyenipigia pasi sare, aliyekuja shuleni nilipoitwa kwa kosa la kutojibu mwalimu, ni yeye. Ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe ni shemeji Rama wa bandarini, na wanakaa na mamake, Bi Mwanatabu. Wana binti wa miaka miwili, Mwanasaumu, na sasa Mwanatatu ana mimba ya miezi saba.

Yeye huniita Redio. Shuleni waliniita Redio Mbovu kwa kuwa sisemi. Yeye aliondoa ubovu, akaacha redio.

"Nitakufumia kitambaa cha kuifunika hiyo kompyuta," akasema. "Isipigwe vumbi. Redio mbili chumba kimoja, zote kimya."

Jumatatu, 20 Machi

Kitambaa kimekwisha, cheupe, na pindo la samawati. Sista alikipenda hata akaona ni hasara kukiacha mezani. Amefunika nacho lile sanduku la sahani kabatini.

Alhamisi, 23 Machi

Bwana Gershom, tabibu wetu, aliuliza kuhusu malaria na watoto wenye degedege. Nikamtolea makala mia mbili na kumi na mbili. Printa ilipiga kelele hadi Sista akaziba masikio. Bwana Gershom akasema, "Mastura, wewe hatari sana." Nimefurahi siku nzima.

Jumatatu, 27 Machi

Mvua ya kwanza.

Jumanne, 4 Aprili

Bwana Gershom ametoka kliniki ya wajawazito moja kwa moja hadi mezani kwangu. Alikaa kwanza, akafuta miwani.

"Dadako nimemwona leo. Alipomzaa yule wa kwanza, alivimba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema, Mastura. Ni kazi hii."

Nikamwambia. Alipomzaa Mwanasaumu, katikati ya arubaini miguu ilimvimba hadi magotini, akawa hawezi kulala chali. Alilala ameegemea mito, akipumua kama mtu aliyetoka kukimbia. Bi Mwanatabu alisema ni maji ya uzazi. Yalichukua miezi minne kwisha.

Bwana Gershom akasema chuoni alisikia mara moja kuna wanawake ambao moyo huchoka baada ya kuzaa, na wakizaa tena ugonjwa huweza kurudi vile vile au zaidi. Lakini hakumbuki zaidi ya hapo. Anataka Mwanatatu apelekwe hospitali kubwa ya mjini, kule kisiwani, moyo upigwe picha, azalie huko, na akae huko akiangaliwa. Barua ya kumpeleka huko yeye hawezi kuisaini. Husainiwa na daktari anayetujia kila Alhamisi, nasi tumezoea kumwita Daktari wa Alhamisi. Naye humwambia kila mara, "Nionyeshe utafiti, usinionyeshe wasiwasi."

"Kwa hivyo niletee karatasi," Bwana Gershom akasema. "Hata moja ya Afrika. Moja itatosha."

Jumatano, 5 Aprili

Nimetafuta tangu saa mbili asubuhi. Moyo na uzazi. Moyo na mimba. Moyo na kuvimba miguu. Nimeunganisha na Afrika, kisha Kenya, Tanzania, Uganda, nchi moja moja mpaka ramani imekwisha. Nimepata mbili. Moja ni ya Kijapani. Nyingine ni ya mwanamke wa Ulaya aliyebadilishiwa moyo.

Sikula mchana.

Alhamisi, 6 Aprili

Leo nimesema mbele ya daktari.

Walikuwa wodini, wauguzi wanne, Bwana Gershom, na Daktari wa Alhamisi akipitia mafaili amesimama. Bwana Gershom akampa karatasi yangu. Akaisoma.

"Mbili tu?"

"Huyu ndiye mtafutaji wetu," Bwana Gershom akasema, akanisukuma mbele kidogo.

"Na Afrika? Afrika hakuna?"

Wote wakanitazama. Nilihisi shingo ikipata moto, kama darasani. Lakini hili nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimekaa nalo siku nzima.

"Hakuna, Daktari."

"Umetafuta kote?"

"Nimetafuta kote."

Sauti haikutetemeka. Daktari akafunga faili. Akasema mama huyu kwa sasa hana dalili, na kina mama wengi huvimba miguu, basi azalie hapa na aangaliwe. Bwana Gershom akaitia karatasi yangu mfukoni.

Jioni nilipitia kwa Mwanatatu. Alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele, ungo umeegemea tumbo. Nikamsimulia yote, hata wale wauguzi wanne.

"Ulisema mbele ya watu? Wewe?"

"Nilisema."

"Hebu sema tena ulivyosema."

"Hakuna, Daktari."

Akacheka hadi mchele ukamwagika. Akamwita Mwanasaumu aje asikie mamake mdogo. "Redio imetiwa betri leo. Sema tena, mwenzangu, sema." Nikasema mara tatu. Mara ya tatu nikaweka na mkono kiunoni.

Kisha akashusha pumzi, nikaona kumbe alikuwa na hofu siku zote hizi. "Basi kama dunia nzima hakuna," akasema, "mimi sina ugonjwa. Nilikuwa sitaki kwenda kukaa kisiwani na mwanangu huku, Mastura. Umeniondolea mzigo."

Bi Mwanatabu akasema kutoka jikoni, "Si niliwaambia. Ni maji ya uzazi, hushuka yenyewe."

Jumatano, 12 Aprili

Mvua. Stima imekatika tangu jana. Nimepanga vitabu kwa rangi, Sista akanifanya nivipange tena.

Jumanne, 18 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 27 Aprili

Matokeo ya mtihani. C na jumlisha. Baba amesema alhamdulillahi, akaenda msikitini. Mwanatatu amesema nitakuwa mkutubi mwenye funguo shingoni, nizeeke nazo. Bwana Gershom amepita dirishani, akaniuliza kama sahani mpya zimekuja. Nikasema bado.

Jumatano, 10 Mei

Idd ya kuchinja. Mwanatatu hakuweza kusimama jikoni. Amesema ni uzito tu.

Ijumaa, 19 Mei

Amejifungua asubuhi, hospitalini petu, mtoto wa kiume, salama. Nilikimbia kutoka maktaba. Bwana Gershom amempima mara tatu, akasema yuko sawa. Mtoto ana nywele nyingi kama kofia.

Ijumaa, 26 Mei

Ameitwa Rashid, jina la marehemu babake Rama. Wamekula pilau. Mwanatatu amekaa ndani ya chumba cha arubaini, mdalasini unanukia mpaka nje. Bi Mwanatabu humkanda asubuhi na jioni kwa maji ya moto kweli kweli, yeye ndiye mkandaji wa wazazi wote wa mtaa huu. Anapotoka na ndoo uso wake unang'aa jasho, nami humwona kama mwanamke mwenye nguvu kuliko wote ninaowajua.

Jumatatu, 5 Juni

Miguu imeanza. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki.

"Ni arubaini," akasema. "Usinitazame hivyo."

Jumatano, 7 Juni

Mvua. Mwanatatu sasa analalia mito miwili.

Jumamosi, 10 Juni

Mito mitatu. Anakohoa akilala chali. Nimemwambia Bi Mwanatabu kwa sauti ndogo kwamba pengine aonwe, akanijibu kwamba hata mara ya kwanza ilikuwa hivi hivi, na akapona, na aliyemponya ni yeye. Bado maji yanachemshwa. Namchukia leo. Nimeandika na sitafuta.

Mwanatatu mwenyewe amesema, "Si ulinitafutia wewe? Ungeliona."

Jumatano, 14 Juni

Nimemwambia Bwana Gershom. Nilipaswa kumwambia siku tisa zilizopita. Amekuja kwa baiskeli kwenye matope, akavua viatu mlangoni, akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Alipotoka hakumtazama mtu. Akaandika barua kwenye goti lake, akaisaini mwenyewe.

"Lete gari sasa hivi," akamwambia Rama. "Wakiniuliza, wataniuliza mimi."

Jumatatu, 19 Juni

Alizikwa jana baada ya alasiri. Siku ya thelathini na moja ya arubaini.

Alhamisi, 22 Juni

Nimejaribu kuandika mara mbili. Nitaandika ilivyokuwa, tena kwa ufupi.

Tulimfikisha kisiwani jioni ya Jumatano. Walimpa dawa ya kutoa maji, akapata nafuu, Alhamisi akaomba chai. Ijumaa alinitania. Alikuwa ameegemezwa mito, midomo ina rangi ya zambarau, mimi nampangusa miguu kwa kitambaa. Akasema, "Sema kitu basi. Redio gani hii." Niliendelea kupangusa. Nilifikiri bado kuna Jumamosi.

Jumapili saa sita mchana moyo ulisimama, wakamzunguka, mimi nikatolewa nje.

Kabla ya hapo daktari mmoja kijana, mwanamke, alikuwa amemuuliza Rama historia yake. Rama akamweleza kuhusu uzazi wa kwanza. Yule daktari akaweka kalamu chini. Hakusema kwa ukali. "Mbona hakuletwa akiwa mjamzito? Hili linajulikana. Limeandikwa, na limeandikwa hapa Afrika."

Nilikuwa nimeshika beseni. Nilitaka kumuuliza, limeandikwa wapi? Nimetafuta kote, nchi moja moja. Sikuuliza.

Jumanne, 27 Juni

Leo arubaini ingekwisha.

Jumatatu, 3 Julai

Nimerudi kazini. Sista Pascalia alinipa pole, akaniletea kiti chake chenye mto.

Niliwasha kompyuta, nikaandika maneno yale yale ya Aprili. Mbili. Mjapani na yule wa Ulaya. Nikakaa nikiitazama ile mbili. Limeandikwa, yule daktari alisema. Hakuonekana mtu wa kusema ovyo. Nikaitoa sahani, nikaigeuza, na kwa mara ya kwanza nikausoma uso wake wote, si jina peke yake. Chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa 1991 hadi 1994.

"Sista," nikasema. "Naomba ufunguo wa kabati."

"Wa nini?"

"Zile sahani tano."

"Zile ni akiba, mwanangu. Nimekwambia."

"Naomba nizione."

Sijawahi kumwomba kitu. Pengine ndiyo maana alisimama. Alifungua, akakiondoa kitambaa cha Mwanatatu na kukikunja mara nne, akaniwekea sanduku mezani. Nikazipanga. 1966 hadi 1974. 1975 hadi 1980. 1981 hadi 1984. 1985 hadi 1987. 1988 hadi 1990.

Hazikuwa akiba. Kila moja ina miaka yake. Tangu Machi nimekuwa nikitafuta katika miaka minne, na miaka ishirini na mitano imekaa kabatini.

Nikatia ya pili. Moyo na uzazi na Afrika. Kumi na tisa. Nikatia ya tatu. Tisa. Zote pamoja ni arobaini na moja.

Ya kumi na mbili katika orodha ni ya hospitali moja Afrika Magharibi, ya mwaka 1979. Muhtasari wake una mistari minane. Wanawake waliovimba na kukosa pumzi baada ya kujifungua. Waliobeba mimba tena. Wangapi waliugua tena. Kwamba waangaliwe na kupigwa picha ya moyo mapema, wapumzishwe, wazalie penye wataalamu. Ni maneno ya Bwana Gershom, karibu neno kwa neno. Mwaka 1979 mimi nilikuwa na miaka miwili.

Moja itatosha, alisema.

Sista alikuwa nyuma yangu akisoma. Alisoma polepole, mdomo ukitembea. Kisha akakaa kwenye kile kiti chenye mto.

"Mwaka themanini na tatu darubini ya maabara iliazimwa, haikurudi," akasema. "Nikaulizwa mimi. Nikaapa kitu kingine hakitapotea mkononi mwangu." Baada ya muda akaongeza, "Hakikupotea. Nilizitunza."

Nilikuwa nikimwogopa mwanamke huyu. Sasa nilitaka kumshika mkono, na sikujua unashikwaje mkono wa mtu mzima. Akavua funguo shingoni, akaziweka juu ya daftari hili.

Jumanne, 4 Julai

Nimemwambia Bwana Gershom. Nilimpa orodha, nikamwambia ni kosa langu, kwamba nilisema nimetafuta kote na nilikuwa sijatafuta. Nimeyasema haya yote bila kusimama, naye hakunikatiza.

"Nilijua dalili," akasema. "Niliziona kwa macho yangu. Nilingoja karatasi inipe ruhusa, na ile barua nikaja kuisaini mwenyewe Juni, bila karatasi yoyote. Ningeisaini Aprili." Alikunja orodha. "Kwa hivyo usijigawie yote, Mastura. Nami nina fungu langu."

Alikuwa akisema kweli, nadhani. Lakini haikunipunguzia.

Alhamisi, 6 Julai

Nimeandika kadi kwa mwandishi wa ile makala. Kadi ina maneno yaliyochapwa tayari, unajaza jina tu. Nimejaza.

Daktari wa Alhamisi ameingia maktaba, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Bwana Gershom amemwonyesha orodha. Alisimama dirishani nayo muda mrefu. Akasema, "Sabini na tisa," kama anayejisemea. Kisha akaniuliza, "Sasa mnatafuta katika zote sita?"

"Zote sita."

Akaondoka. Sina hasira naye. Aliniuliza kama nimetafuta kote, nami nikamjibu.

Jumapili, 16 Julai

Mvua zimekwisha. Upepo ni mkali na mbingu nyeupe. Nilikwenda kumwogesha Rashid. Bi Mwanatabu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Sufuria kubwa ya maji imefudikizwa uani, na buibui ameshafuma utando kwenye mpini wake.

"Hukandi tena, Mama?"

"Nimkande nani." Akaigeuza ile mikono, akaitazama. "Kwa hii. Asubuhi na jioni, siku ishirini na sita. Alikuwa akiniambia maji ni makali, mimi namwambia vumilia, mwanangu, ndiyo dawa."

Mwezi uliopita niliandika humu kwamba namchukia. Nimeurudia ukurasa. Nilisema sitafuta, na sikufuta. Lakini alipokuwa akimkanda alikuwa akimkanda bintiye, hilo nililiona na sikutaka kuliandika.

Sikumwambia kuhusu sahani. Nilimkausha Rashid, nikaja zangu.

Jumatano, 9 Agosti

Maulidi. Mwanasaumu ameuliza mamake atarudi lini kutoka kisiwani. Rama alitoka nje.

Jumatatu, 14 Agosti

Posta haina kitu.

Ijumaa, 18 Agosti

Haina kitu.

Jumanne, 29 Agosti

Imefika. Bahasha ya kaki, stempu za ndege wenye mkia mrefu. Ndani mna makala yenyewe, kurasa saba, zimegeuka manjano pembeni, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: mwandishi amestaafu, wanafunzi wake wamefurahi kwamba bado kuna wanaoisoma, na wanauliza kama tuna mgonjwa, na anaendeleaje.

Nimesoma mara tano. Ukurasa wa sita una mstari ambao muhtasari haukuwa nao.

Jumatano, 30 Agosti

Baada ya magharibi nilikwenda na ile makala. Rama alikuwa kwenye mkeka na Rashid kifuani. Bi Mwanatabu akitwanga iliki. Niliwaambia nina jambo la kusema, na kwa kuwa sijawahi kusema hivyo, mchi ukasimama.

Nikawaambia kuhusu Aprili. Rama alikuwa hajui kwamba uamuzi ule ulitoka kwangu. Kisha nikawasomea, Kiingereza nikikigeuza, nikisimama kila mstari.

Rama aliuliza swali moja. "Ungeiona Aprili, angeishi?"

"Sijui, shemeji. Waliowahishwa, wengi waliishi. Si wote."

Akamlaza mtoto taratibu kwenye mkeka, akavaa viatu, akatoka. Nilisikia hatua zake hadi mwisho wa uchochoro. Hakurudi nilipokuwa pale.

Bi Mwanatabu akasema, "Na maji ya moto? Yamo humo?"

Ulimi wangu ulikuwa na neno tayari. Lilikuwa lile lile nililolisema wodini, na nilijua sauti haitatetemeka. Alikuwa amenitazama kwa macho ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Ningelisema angelala usingizi usiku ule, wa kwanza tangu Juni.

"Yamo, Mama," nikasema. "Mstari mmoja, ukurasa wa sita. Wanasema huko kwao pia wazazi hukandwa kwa maji makali, na wanashuku humzidishia kazi moyo ulioanza kuchoka. Hawana hakika. Hawakusema ndiyo yanayoleta ugonjwa." Nikangoja. "Na mimi ningekuwamo pia, kama wangejua kuniandika."

Rashid alikuwa akiukamata ukingo wa mkeka na kuuachia.

"Nisomee tena mstari huo."

Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea. Alilia bila sauti, nami nikalia, na hapakuwa na wa kumnyamazisha mwenzake. Kisha akajifuta kwa upindo wa leso.

"Mke wa Kombe amejifungua Jumapili," akasema. "Nyumba ile yenye mti wa mkungu. Mamake ndiye amkandaye. Nilimfundisha mimi. Ijumaa twende."

"Mimi nitasema nini, Mama?"

"Ulivyonisomea. Wakinisikia mimi watadhani ni huzuni. Nawe utamtazama miguu."

Alhamisi, 31 Agosti

Nimewajibu wale wanafunzi. Kadi haina nafasi ya mengi. Nimeandika: mgonjwa alikuwa dadangu, alifariki 18 Juni, nakala yenu imefika. Nikaongeza ahsante.

Kitambaa cha Mwanatatu nimekitandika juu ya kompyuta. Sahani sita ziko mezani, miaka yake nimeiandika kwa kalamu nyekundu, kubwa.

Ijumaa, 1 Septemba

Tulikwenda baada ya sala ya Ijumaa. Bi Mwanatabu alitembea mbele njia nzima, ameshika buibui lake kidevuni. Tulipofika chini ya mkungu akapunguza mwendo. Mlangoni pa Kombe akasimama kabisa, akasogea kando, nikajikuta mimi ndiye niliye karibu na mlango. Ndani palinukia mdalasini. Nilisikia maji yakimiminwa.

Nikapiga hodi. Haikusikika. Nikapiga tena.

"Karibu," wakasema ndani. "Nani?"

Nilimtazama Bi Mwanatabu. Alikuwa akitazama chini.

"Ni mimi," nikasema. "Mastura. Mdogo wake Mwanatatu."